Milango Iliyofungwa kwa Hofu

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Twawasalimu ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, ninyi mlio njiani kwenda kazini, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi mliokesha mkilinda mali ya watu na sasa mnangoja wenzenu wafike ili mwende mkalale. Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo si rahisi kulitaja kanisani, nalo ni hofu. Hatusemi ile hofu ya Mungu ambayo mwenye Mithali aliisifu. Twasema juu ya hofu iliyo ndani ya kanisa lenyewe, ndani ya kamati zake na ofisi zake, na ndani ya mioyo yetu sisi tuliokabidhiwa funguo.

Somo letu latoka katika Injili ya Yohana, sura ya 20, kuanzia mstari wa 19. Mlio na Biblia karibu, fungueni. Mnaoendesha gari, msifungue, tusikilizeni tu.

Ilikuwa jioni ya siku ya kwanza ya juma. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika ndani ya nyumba, na milango ilikuwa imefungwa, kwa sababu waliwaogopa wakuu wa Wayahudi. Mara nyingi tumelisoma somo hili tukapita upesi hadi pale Bwana anaposimama katikati yao na kuwapa amani. Lakini hebu tukae kidogo hapo mlangoni. Ni akina nani walio ndani? Si watu wasiojua habari. Asubuhi ile ile Petro na mwenzake walikuwa wamekimbia kaburini, wakaingia, wakaiona sanda imelala. Asubuhi ile ile Mariamu Magdalene alikuwa amewajia na kuwaambia kwamba amemwona Bwana. Basi walikuwa nayo Injili. Walikuwa nayo nzima, wala haikupungua neno. Nao wakajifungia nayo ndani.

Tena kuna jambo jingine katika mstari wa 26, ambalo sisi wenyewe tulilisoma miaka mingi pasipo kuliona. Baada ya siku nane wanafunzi wako ndani tena, na Tomaso yu pamoja nao, na milango imefungwa tena. Angalieni hapo, ndugu zetu. Wamekwisha kumwona Bwana kwa macho yao. Wamekwisha kupuliziwa Roho. Wamekwisha kuambiwa kwamba wanatumwa. Na juma moja baadaye komeo liko mahali pake. Hapa Yohana hasemi waliogopa nini. Pengine lilikuwa limekwisha kuwa desturi. Hofu ikikaa juma moja nyumbani yapata kiti chake, nasi twasahau kwamba ilikuja kama mgeni.

Sasa, tusiwaseme mitume peke yao. Twataka kuwaeleza jambo lililotupata sisi, wazee wa kanisa moja ambalo hatutalitaja jina, wala halihitaji kutajwa, kwa maana wengi wenu mtadhani ni lenu.

Tulikuwa tunajenga. Kanisa letu la kwanza lilikuwa la mabati yaliyokwisha kula kutu, na mvua ikinyesha mchungaji hasikiki. Tukafanya harambee, washiriki wakatoa. Akina mama wa soko walitoa, wenye ng'ombe wakauza maziwa na kuleta, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na kopo lao. Kuta zikapanda. Halafu zikasimama. Mwaka mzima zikasimama kwenye madirisha, na magugu yakaota ndani.

Basi siku ya mkutano wa mwaka, mahali pale paandikwapo "mengineyo" mwisho wa ajenda, kijana mmoja alisimama. Alikuwa kijana wa kwaya, tena wa kutegemewa, aliyefika mapema kupanga viti. Akasema kwa adabu, "Wazee wetu, twaomba tusomewe mahesabu ya ujenzi. Kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na kiasi gani kimebaki." Ndiyo hayo tu. Hakusema mtu ameiba. Hakumtaja mtu.

Mnajua tulivyojibu? Tuliimba wimbo. Mwenyekiti alisema jambo hilo litaangaliwa na kamati inayohusika, akaomba tusimame tuimbe kwa kuwa muda umekwisha, na sisi sote, wazee wenye mvi, tukasimama, tukaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Baada ya ibada mmoja wetu alimvuta kijana kando na kumwambia kwamba roho ya namna ile ni roho ya uasi. Jumapili ya pili akaambiwa apumzike kidogo na kwaya. Jumapili ya tatu hakuja. Wala ya nne.

Nasi tukasema moyoni, sasa kanisa lina amani.

Wasikilizaji wapenzi, hofu ya kanisani haijiiti hofu kamwe. Yaitwa hekima. Yaitwa utaratibu. Yaitwa kulinda amani ya ushirika, au kutowapa adui nafasi ya kulitukana jina la Bwana. Katika Yohana sura ya 9 wako wazazi wa yule kijana aliyezaliwa kipofu. Mwana wao ameona jua kwa mara ya kwanza, na mbele ya Mafarisayo wanasema aulizwe mwenyewe, kwani ni mtu mzima. Yohana aeleza wazi sababu: waliogopa kutengwa na sinagogi. Na katika sura ya 12 wako wengine, tena wakuu, waliomwamini Yesu lakini hawakuthubutu kumkiri, kwa hofu ile ile ya kutolewa katika sinagogi. Si kifo walichokiogopa. Ni kukosa kiti. Ni kupitwa na salamu mlangoni. Hofu hii huota ndani ya nyumba ya ibada yenyewe, nayo ni ngumu kung'oa kuliko hofu ya upanga.

Twasema hivi kwa sababu makanisa yetu ya Afrika Mashariki, kwa neema ya Mungu, hayakukosa mashujaa mbele ya upanga. Wakati wa hali ya hatari, iliyoanza Oktoba 1952 hapa Kenya, walikuwako ndugu waliookoka katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki ya serikali. Wengine waliuawa kwa hayo. Mwaka 1969 viapo vilipoanza tena, mzee mmoja wa kanisa la Presbyterian alipigwa hata akafa kwa kukataa. Huko Uganda, Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamika juu ya maovu yaliyokuwa yakitendwa, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Agosti 1986 wachungaji waliokutana chini ya NCCK walipinga kura ya kupanga mlolongo, wakati ambapo watu wengi mashuhuri walikuwa kimya. Hayo yote ni kweli, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kanisa hilo hilo linaloweza kusimama mbele ya rais laweza kutetemeka mbele ya daftari la mahesabu. Tumeona hivyo. Tumekuwa hivyo.

Hebu sasa tuwakumbushe habari ya zamani kidogo, maana vijana wengi hawaijui, na sisi wazee twaisimulia upande wake mtamu tu.

Mwaka 1929, mwezi wa Septemba, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, watu wawili walikutana. Mmoja alikuwa Mganda, jina lake Simeoni Nsibambi. Mwingine alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda, naye alikuwa amechoka rohoni. Walikaa pamoja wakilisoma Neno na kuomba. Kutoka hapo, na kutoka Gahini, ulianza ule uamsho uliopita Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya pale Kabete mwaka 1937, ukaenda Tanganyika na mbali zaidi. Wimbo wa Tukutendereza, ambao hata asiyejua Kiganda huimba, ulienea nao.

Ndugu yake Nsibambi aliitwa Blasio Kigozi. Huyo alikwenda Gahini kufundisha, na moto ukamshika. Alikuwa ameandaa mambo ya kuyaleta mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda, nayo yalikuwa ya kuuma. Aliuliza kuhusu ubaridi na mauti yaliyoingia kanisani. Aliuliza kuhusu watu waishio katika dhambi wazi na bado wanakaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Aliuliza nini kifanyike ili uamsho uje. Neno lake lilikuwa moja, "Zukuka", yaani, amka. Lakini homa ya kupe ilimshika, akafa Januari 1936, angali kijana. Maneno yake hayakuzikwa naye.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, walikuwako wanafunzi waliookoka, waliokuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba pamoja na kuhubiri. Walisema waziwazi juu ya dhambi walizoziona chuoni, na wizi ukiwa mmojawapo, na juu ya mafundisho waliyoona yanaudhoofisha msalaba. Wakuu wa chuo walikataza mikutano ile ya alfajiri. Wanafunzi hawakukubali. Basi wakafukuzwa, watu 26, na miongoni mwao alikuwamo William Nagenda, ambaye hakupata kuwa kasisi, lakini baadaye alihubiri katika nchi nyingi, hata Ulaya na Marekani.

Twaweza kuwalaumu wale wakuu upesi sana. Tusifanye hivyo. Mtu anayeendesha chuo ana kengele ya kulala na kengele ya kuamka, na vijana wanaoimba saa kumi za usiku si mzaha. Tena ndugu wale walikuwa na ukali wao. Wengine walimwambia mtu dhambi zake mbele ya watu kabla hawajamwambia jina lao. Lakini hili ndilo linalotugusa: kanisa lile lilikuwa limeomba uamsho. Miaka na miaka liliomba. Ulipokuja, ulikuja ukiwa na miguu ya vijana wasiongoja ruhusa, na ukaanza kuuliza habari za wizi. Basi kanisa likaogopa jibu la maombi yake.

Na je, ndugu wenyewe walipona hofu? La. Hapa ndipo sisi tulio katika ushirika wa uamsho tunapopaswa kunyamaza kidogo. Jambo lililoanza kama mto likawa kisima chenye uzio. Tukawa na namna yetu ya kusalimiana, namna ya kushuhudia, namna ya kuvaa, na asiyefuata tukamwona baridi. Kiongozi wa timu akazeeka bila kumwachia kijana nafasi. Nyanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, ugomvi juu ya uamsho ulifika mahali pa kugawanyika, na Kanisa la Kristo katika Afrika, lile lijulikanalo pia kama Johera, likazaliwa nje ya Anglikana. Huko Uganda walitokea wengine waliosema kwamba waliozukuka nao wamelala, wawazukue tena. Kila kizazi kinafunga mlango kwa komeo jipya, nacho kinadhani ni mlango wa Bwana.

Iko hofu nyingine, ya mkate. Mwaka 1971 mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, aliwaambia Wamarekani katika mji wa Milwaukee kwamba wakati umefika wa kusimamisha, kwa muda, kuletwa kwa wamisionari na fedha kutoka ng'ambo, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Mwaka 1974 jambo hilo likazungumzwa Lusaka katika mkutano mkuu wa Makanisa yote ya Afrika. Kulikuwa na kelele! Wengine huko ng'ambo waliudhika, lakini waliotetemeka zaidi walikuwa hapa kwetu. Nani atalipa mishahara? Nani atanunua gari la dayosisi? Yaelekea si wote waliokubaliana na Gatu, na leo bado kuna watu wema wasiokubaliana naye. Lakini kanisa lake lilichukua neno la kujitegemea likalifanya wimbo wa kazi, na washiriki wakagundua kwamba mifuko yao haikuwa mitupu kama walivyokuwa wameambiwa.

Leo mkate umebadilika jina, na hofu ni ile ile. Wako wanaoogopa kumnyima mwanasiasa kipaza sauti kwa sababu ameahidi mabati. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari katika ibada. Wengi tulisema Amina. Lakini mgeni mkubwa alipofika Jumapili na bahasha, ni parokia ngapi zilizolikumbuka tangazo? Kisha Juni 2024 vijana walipotoka barabarani, baadhi yao waligeuka wakatuuliza sisi, wakanisani, kwa nini tumepokea fedha bila kuuliza zimetoka wapi. Swali lile lilikuwa dada wa swali la kijana wetu wa kwaya.

Tena iko habari ya Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hata kufa ili wamwone Yesu. Makanisa mengi yalisema, hao si wetu. Ni kweli, hawakuwa wetu. Lakini baadhi yao waliwahi kukaa katika viti vyetu kabla ya kwenda kutafuta mahali ambapo mtu angewasikiliza kwa moto. Serikali ilipoanza kuzungumza juu ya sheria za kusimamia makanisa, sisi tulikutana upesi kujadili sheria. Hatukukutana upesi namna ile kujadili wale walioondoka.

Basi turudi kwa kijana wetu.

Miezi ilipita. Mama yake alikuwa akija kanisani, anaketi mahali pake pa siku zote, hasemi neno. Lakini alipokuwa akitoa sadaka alikuwa akitutazama. Hiyo tu, kututazama. Mmoja wetu akaanza kukosa usingizi. Siku moja, katika maombi ya wazee Jumatano, akasema, "Ndugu zangu, mimi naogopa yule mama." Tukacheka. Kisha hatukucheka. Kila mtu akaanza kusema anaogopa nini. Mwenyekiti aliogopa kwamba katika miaka yake kumi na minne jambo la aibu litaonekana. Mweka hazina, ambaye ni mjane, aliogopa kwamba watu watasema amekula, kwa sababu fedha nyingine zilipita kwenye simu yake ya M-Pesa. Mchungaji aliogopa kuhamishwa kabla watoto hawajamaliza shule. Wengine tuliogopa kugombana na mwenyekiti, maana ni shemeji wa huyu na jirani wa yule. Hakuna aliyeogopa Mungu katika orodha ile. Tulipoona hivyo tulinyamaza kwa muda mrefu.

Usiku ule hatukuimba. Tulisoma Mathayo 25, habari ya mtumwa aliyepewa talanta moja. Talanta ilikuwa mali nyingi, mshahara wa kibarua wa miaka mingi. Mtumwa yule hakuinywea pombe. Hakumpa kahaba. Aliificha ardhini salama, akairudisha nzima, na neno lake mbele ya bwana wake lilikuwa kwamba aliogopa. Ndiye aliyetupwa nje. Sisi tulikuwa tumefundisha somo lile kila Jumapili ya mavuno ili watu watoe zaidi.

Jumamosi tukaenda watu wanne nyumbani kwa kijana. Tulimkuta anatengeneza pikipiki chini ya mwembe. Alipotuona aliifuta mikono kwa kitambaa, akatuletea viti, kisha akabaki amesimama. Akasema, "Shikamooni wazee. Mmekuja kunifukuza mara ya pili?"

Mwenyekiti ndiye aliyemjibu, na twamheshimu kwa hilo hata leo. Alisema, "Mwanangu, tumekuja kuomba msamaha. Uliuliza jambo la haki, nasi tukaogopa." Kijana hakulia, wala hakutukumbatia, kama visemavyo vitabu vya shuhuda. Alitazama chini akageuza spana mkononi. Halafu akauliza, "Na mahesabu, baba?"

Mnaona, ndugu msikilizaji? Sisi tulikuja na msamaha, tukadhani hayo yametosha. Yeye alitaka mahesabu. Nasi tulipokuwa tukirudi mmoja wetu alinung'unika kwamba kijana yule ni mgumu. Lakini hakuwa mgumu. Zakayo alipomkaribisha Bwana hakusema amesikitika tu. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Toba yenye tarakimu ndiyo iliyoleta wokovu katika nyumba ile.

Basi tukakaa na daftari. Juma tatu, kila jioni, kwa taa, maana umeme ulikuwa ukikatika. Tukatafuta risiti za saruji, za kokoto, za fundi. Tukakuta nyingine ndani ya kitabu cha nyimbo, nyingine zimeliwa na mchwa. Twawaambia tuliyoyaona. Sehemu kubwa ya fedha ilitumika kwa ujenzi, kama tulivyosema. Sehemu nyingine ilitumika kwa mambo mema ambayo hakuna kikao kilichoyapitisha, mazishi ya mkwe wa mchungaji, na karo ya mtoto yatima mmoja. Na shilingi 31,500 hatukuzipata mahali popote, kwenye karatasi yoyote. Hatujui nani alizichukua. Yawezekana hakuna aliyezichukua. Yawezekana ni mmoja wetu sisi tulioketi kuzunguka taa ile, naye alikuwa akihesabu pamoja nasi.

Jambo hilo limetuuma sana. Zamani tuliogopana kidogo, sasa tumeona kwamba tuna sababu. Wako waliosema tuchange wenyewe tuijaze ile nafasi, kisha tusome mahesabu yaliyotimia, na kanisa lisijue. Tulikaribia kukubali. Ilikuwa saa nne za usiku, tumechoka, na lilionekana jambo la upendo. Ni mweka hazina, yule mjane, aliyekataa. Alisema, "Mkizijaza, mtakuwa mmenifunika mimi na shuka chafu. Nisomeeni hivyo hivyo, na mimi nitasimama mbele." Kati yetu wote yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

Tulitazama tena somo letu la Yohana. Bwana alipoingia katika chumba kile hakugonga, wala hakungoja wafungue. Lakini kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuwapa amani kilikuwa kuwaonyesha mikono yake na ubavu wake. Aliwaonyesha majeraha. Yeye asiye na kosa hakuyaficha, na wanafunzi walifurahi walipoyaona. Sisi tulikuwa tumedhani kanisa litafurahi likituona hatuna jeraha.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, mahesabu yatasomwa. Yamekwisha kuandikwa kwenye karatasi kubwa nne zitakazobandikwa ukutani, kwenye ukuta ule ule usio na paa, na ile 31,500 imeandikwa mstari wake peke yake. Nakala imepelekwa kwa ofisi iliyo juu yetu, na hatujui itasema nini. Mchungaji amekwisha kumwambia mkewe wawe tayari kwa lolote. Kijana wa kwaya ametumiwa habari. Amejibu kwamba atakuja, lakini ataketi nyuma, karibu na mlango.

Tumekubaliana kwamba mlango huo uachwe wazi. Ninyi mnaotusikiliza, tuombeeni siku hiyo, na hasa mwombeeni mama yule atakayesimama mbele. Na kama katika kanisa lenu kuna mtu aliyeuliza jambo akaimbiwa wimbo, basi mwombeeni naye kwa jina, kisha mwende mkamtafute juma hili, Jumatano au Alhamisi, kabla hamjapata nafasi ya kulifikiria tena.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyepita mlango uliofungwa, pita na wetu. Tupe kusoma hesabu zetu kwa sauti inayosikika hadi nyuma. Wakumbuke waliotoka nyumbani mwako kwa sababu yetu. Amina.